Hisabati Saa Nane Mchana

Jumatatu, 8 Januari

Niliposhuka kwenye basi nilidhani injini ndiyo inayonipulizia hewa ya moto, nikasogea pembeni. Joto likanifuata. Nikasogea tena mpaka ukutani, kwenye kivuli, nalo likaja. Ndipo nilipoelewa kwamba si injini. Ni nchi.

Nilikuwa nimevaa sweta, maana juzi alfajiri nilipotoka nyumbani maji ya kunawa yalikuwa yanauma vidole. Mkuu wa shule mwenyewe alikuja kunipokea, mama wa makamo mwenye sauti nene. Alinitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Karibu, mwalimu. Hilo sweta tulizike wapi?" Nikacheka, na huku jasho linanitiririka mgongoni.

Nimepewa nyumba ya vyumba viwili, sakafu ya saruji, paa la bati, na feni ya juu inayolalamika kila inapozunguka. Ukuta kwa ukuta nami anakaa muuguzi wa shule. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja. Shule yangu ya nyumbani iliunganishwa na nyingine, na walimu wa hisabati tukawa wengi kuliko vipindi, ndiyo sababu niko huku. Siku ya kuagana wifi yangu alisema mbele ya watu wote, "Wewe na joto? Miezi miwili haitaisha, utarudi hapa mbio." Sikumjibu. Nitamjibu kwa kukaa.

Jumanne, 9 Januari

Sikupata usingizi. Umeme ulikatika, feni ikanyamaza, na mimi nikabaki naigeuza mito upande wa baridi ambao haupo.

Alhamisi, 11 Januari

Vipindi vimeanza. Nimepewa kidato cha tatu chote, A na B. Cha A wako jengo jipya, hawana neno. Cha B wako chumba cha mwisho kule nyuma ya ghala, bati tupu juu, hakuna dari. Upande mmoja ni ukuta mzima. Upande wa pili kuna madirisha ya vioo, makubwa, mazuri, na yote yamepigwa misumari yasifunguke. Mlango ni mmoja. Na hisabati yao iko saa nane mchana, mara tu baada ya chakula.

Nimeingia, nimesalimia, wamesimama, wamejibu, wamekaa. Kabla sijamaliza kuandika tarehe ubaoni, mstari wa nyuma ulikuwa umelala. Chaki ilikuwa na unyevu, inateleza bila kuandika. Karatasi zilinata mkononi. Nilipouliza swali nilijibiwa na nzi.

Wavivu. Sijawahi kuona wasichana wavivu namna hii.

Jumanne, 16 Januari

Vipele vimenitoka shingoni, kwapani, mgongoni, kila mahali nguo inapogusa. Nilikuwa najikuna kwa rula ofisini, mwalimu wa jiografia akaona, akageuka kucheka dirishani. Nimeshajua pia kwamba wanafunzi wananiita Mwalimu Sweta. Habari za siku ya kwanza zilifika shuleni kabla yangu.

Jioni muuguzi alibisha hodi na bakuli la maji ya uvuguvugu na unga wa mahindi ndani yake.

"Paka hii, dada. Na hayo magauni yako ya nailoni yaweke mbali. Huku tunavaa pamba, tena pana."

"Nitazoea lini?"

"Mwili utazoea. Shida ni kichwa. Wewe unatembea kama unakimbizwa. Punguza."

Nimepaka. Nimepoa kidogo. Kupunguza mwendo sijui kama nitaweza. Kwetu ukitembea polepole unaulizwa kama unaumwa.

Ijumaa, 19 Januari

Viatu vyangu vyeusi vimeota ukungu. Nilivivaa Jumatatu!

Jumatano, 24 Januari

Nimekwenda kwa makamu wa mkuu kuomba abadilishe ratiba ya cha tatu B. Huyu bwana ni mtu wa suti. Jua limetulia utosini, kila mtu anatafuta kivuli, yeye yuko na koti na tai, kola imebana, hana hata tone la jasho. Walimu wanasema amefundisha hapa toka akiwa kijana, na alisoma hapahapa.

Nikamweleza: hisabati ihamishwe asubuhi, mchana wapewe somo la mikono, ushonaji au sanaa.

"Mwalimu," akasema, "ratiba si mchuzi, kwamba kila anayepita aonje aongeze chumvi."

"Sijaomba chumvi. Wanafunzi wanalala."

"Waamshe."

"Basi angalau tufungue madirisha."

"Hayo madirisha hayafunguliwi." Alisema kwa ukali ulionishtua. Kisha akashusha sauti. "Mgeni akifika hukuta kila kitu kibaya. Kaa kwanza. Utatuelewa."

Nilipofika mlangoni akaongeza, "Na chupa za maji haziruhusiwi darasani. Nimeona unaingia na yako. Wanafunzi walikuwa wanabandika majibu nyuma ya karatasi ya chupa."

Nimerudi nyumbani nimejaa hasira. Mtu mwenye moyo wa mbao.

Jumanne, 30 Januari

Jaribio la kwanza. Cha A wamefanya vizuri. Cha B sitaki hata kuandika. Lakini nimegundua jambo. Maswali ya mwanzo karibu wote wamepata. Wanaharibikiwa katikati, na mwishoni kurasa ni nyeupe. Msichana mmoja mrefu anayekaa nyuma kabisa, wenzake wanamwita Mnara, amepata maswali manne ya mwanzo bila kosa, kwa njia fupi kuliko yangu. Swali la tano ameandika namba moja mara nyingi mfululizo, kama mtu aliyesinzia na kalamu mkononi.

Mvivu haanzi hivyo.

Ijumaa, 2 Februari

Leo nimeanguka mimi. Nilikuwa ubaoni nafafanua duara, mistari ikaanza kucheza, masikio yakaziba. Nilipozinduka nilikuwa nimekaa chini, mgongo ukutani, na cha tatu B wote wamenizunguka wananipepea kwa madaftari. Mnara alikuwa ameshika kiganja changu.

"Pole, mwalimu. Hata sisi hutupata hivyo. Ukiinamisha kichwa unapata nafuu."

"Huwapata mara ngapi?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Ikifika dakika za mwisho, mwalimu, wengi hatuoni ubao vizuri."

Wiki tatu nimewaita wavivu kimoyomoyo. Nimewaambia kuanzia Jumatatu kila mmoja aje na chupa, karatasi ya nje imebanduliwa. Kama kuna wa kuadhibiwa, ni mimi.

Jumatano, 7 Februari

Makamu alipita mlangoni, akaziona chupa zimepangwa kwenye madawati kama askari. Alisimama. Nikaendelea kufundisha. Akaondoka bila neno.

Nimeanza kutembea polepole. Ninaoga mara tatu kwa siku, ninakula kidogo mchana, na mgongo umepona. Mume wangu alipiga simu, akaniuliza nimepungua kiasi gani. Nikamwambia, "Nikigeuka ubavu hutaniona." Akacheka, halafu akasema kwa upole kwamba nikishindwa hakuna atakayenicheka.

"Dada yako je?"

"Huyo ni wa kucheka hata msibani. Usimhesabu."

Jumatatu, 12 Februari

Joto linapanda. Kila mtu anasema mvua inakaribia, ndiyo maana. Mawingu yanakuja mchana, yanakaa juu yetu kama mfuniko wa sufuria, jioni yanaondoka bila hata tone. Nimeamua kuongeza kipindi cha ziada kwa cha B kila Jumatano baada ya masomo, chumba kilekile, maana kingine hakuna. Wamekubali wote. Mtihani wa muhula unakuja, na wamenionyesha wana akili. Sitawaacha nyuma.

Jumatano, 14 Februari

Niandike kama yalivyotokea.

Umeme haukuwepo toka asubuhi na maji ya bomba yalikatika, kwa hiyo chupa nyingi zilikuwa tupu kufikia mchana. Nililijua hilo. Nikasema tutafanya haraka. Kipindi cha saa nane kikaisha, tukaunga na cha ziada. Bati lilikuwa linapasuka kwa joto, tunalisikia.

Nikamwita Mnara aje ubaoni. Akaja akiyumba kidogo. Akashika chaki, akatazama ubao, akasema, "Hizi nyanya ni za jana."

Darasa likacheka. Nami nikakunja uso. "Mnara, si wakati wa mizaha."

"Nimeziona toka jana," akasema, "mwambie mama asinunue."

Nikainua sauti. Nikamwambia kama hataki kusoma atoke nje. Akanigeukia, na hapo nikauona uso wake. Ulikuwa mkavu. Sisi wote tulikuwa tumelowa kama tumetoka mtoni, yeye hakuwa na jasho hata kidogo. Nikamgusa paji la uso, nikarudisha mkono kama nimegusa pasi. Kisha magoti yake yakaisha nguvu.

Nilipiga kelele muuguzi aitwe. Wasichana wawili walitoka mbio. Nilijaribu kumbeba peke yangu nikashindwa, ni mrefu kuliko mimi. Ghafla kuna mtu akanisukuma pembeni. Alikuwa makamu. Alikwisha kutupa koti sakafuni. Akamnyanyua msichana mikononi kama mtoto mchanga, akatoka naye mpaka chini ya kivuli cha ghala, akipiga kelele, "Maji! Maji popote yalipo! Ya maua, ya kudekia, leteni!"

Muuguzi akafika anahema. "Mlazeni ubavu. Msimnyweshe, hajitambui, atapaliwa. Mmwagieni mwilini. Shingoni, kwapani, kwenye mapaja. Pepeeni, msiache." Tukalowesha koti la makamu, tukamfunika nalo, tukalilowesha tena. Darasa zima likasimama duara likipepea kwa madaftari, wengine wanalia huku wanapepea. Makamu alikuwa amepiga magoti kwenye tope, tai imegeuka mgongoni, anamwita yule mtoto kwa jina lake la nyumbani, jina ambalo mimi sikuwa nalijua.

Gari la shule likaja. Muuguzi alipanda, nami nikapanda, tukaendelea kummwagia maji njia nzima. Karibu na hospitali alifungua macho, akaniangalia, akasema, "Mwalimu, sijamaliza swali."

Nikalia mbele za watu wote.

Alhamisi, 15 Februari

Wamemlaza. Daktari anasema kumpoza mapema ndiko kulikomwokoa. Figo wanaziangalia, lakini anaongea, anakula uji. Nilimkuta baba yake kando ya kitanda. Ni fundi wa kuchomea vyuma, mtu mfupi, kifua kipana. Nilimsalimia. Hakuitikia.

Ijumaa, 16 Februari

Kikao kilikuwa ofisini kwa mkuu: walimu, muuguzi, na baba wa Mnara. Nilivaa gauni langu zuri kuliko yote, nikajiambia nikifukuzwa nitafukuzwa nimependeza.

Baba akasimama kabla hajaambiwa azungumze. "Mimi sina maneno mengi. Mwanangu alitoka nyumbani mzima. Huyu mwalimu mgeni alimfungia ndani ya tanuri baada ya saa za shule. Alipoanza kuweweseka, akamgombeza. Wenzake wameniambia. Sitaki aendelee kufundisha hapa."

Mkuu akanigeukia. Nikasema ni kweli. Kipindi cha ziada nilikipanga mimi, maji nilijua yamekwisha, na nilimgombeza mtoto nikidhani ananifanyia mzaha. Nikasema namwomba msamaha yeye na mkewe. Nikakaa. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria basi la kurudi na uso wa wifi yangu.

Ndipo makamu akasimama. Hakuwa na koti.

"Mzee mwenzangu," akamwambia baba, "ukimwondoa huyu, chumba kitabaki palepale. Ratiba ile niliipanga mimi. Alikuja kuniomba niibadilishe, nikamfanyia utani. Akaomba madirisha yafunguliwe, nikamkatalia. Misumari ile niliipiga mimi kwa mkono wangu."

Mkuu akasema, "Mweleze sababu."

Makamu akatazama meza. "Mwaka ule wa upepo mkubwa, madirisha yalikuwa wazi, mvua ikaja ghafla, fremu moja ikang'oka na kioo chake. Kikamwangukia msichana mkononi. Mpaka leo vidole vyake viwili havikunji. Mimi ndiye niliyekuwa nafundisha. Jioni ile nikachukua nyundo. Nikasema mimi nilisoma chumba kile nikavumilia, nao watavumilia. Sikutaka tena kuona damu." Akainua macho. "Juzi nilipombeba binti yako nikajua kwamba nilichofanya ni kubadilisha ajali moja kwa nyingine."

Wiki zote hizi nimemwita mtu mwenye moyo wa mbao, kumbe alikuwa anaogopa, kama mimi ninavyoogopa sasa kila mtoto anapofumba macho.

Mkuu akauliza, "Haya, tunafanya nini?" Nikasema: cha B wasome hisabati saa moja kasoro robo, kabla jua halijapata nguvu, mimi nitafika mapema. Maji yawe darasani kila siku, na yakikosekana hakuna kipindi katika chumba kile. Vioo vitoke. Walimu wakaanza kunung'unika: wanafunzi watachelewa, wazazi hawatakubali, mvua itaingia. Mwalimu wa jiografia akasema kwao hata jogoo haamki saa hizo. Mkuu akapiga meza. "Wazazi wakikubali, tutaanza. Mwalimu, kazi ya kuwashawishi ni yako." Baba wa Mnara aliondoka bila kuaga.

Jumamosi, 17 Februari

Nimekwenda karakana yake. Nilijua nisipokubaliwa na yeye, wengine hawatanisikiliza. Alikuwa ameinama juu ya geti, cheche zinaruka, kibati kimefunika uso. Kazi hiyo, na joto hili! Nilisimama mpaka alipomaliza. Akavua kibati, akaniona, akanywa maji ya kopo kubwa yote bila kupumzika.

"Umekuja kuomba tena msamaha?"

"Hapana. Nimekuja kuomba ruhusa. Nataka binti yako akipona nimfundishe asubuhi."

Akacheka kwa hasira. "Una ujasiri wewe mwanamke."

"Ana njia za kukokotoa ambazo mimi mwenyewe sikuwa nazijua. Nikimwacha sasa kwa sababu naona haya, nitakuwa nimemkosea mara mbili."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akanionyesha kwa kidole nikae juu ya nyingine. Tukakaa, jasho linatutoka wote wawili.

"Hakukwambia kwamba anajisikia vibaya?" akauliza.

"Alisema maneno ya ajabu. Nilisikia mzaha."

"Hata mimi angenipata. Huyo mtoto ni mwingi wa mizaha." Akajifuta uso. "Mama yake amelia siku tatu. Jana usiku mgonjwa mwenyewe ameomba daftari la hisabati. Mama akasema, huyu ana wazimu kama mwalimu wake."



"Hayo madirisha," akasema, "mkitoa vioo mtaweka nini?"

"Sijui bado."

"Hujui." Akasimama, akaokota kipande cha chuma, akakipima kwa macho. "Nitakuja Jumatatu kupima. Wavu wa chuma, na kipaa kidogo cha bati kwa nje kukinga mvua. Siyo kwa ajili yako."

"Najua."

"Na asubuhi mwanangu atakuja. Lakini siku utakayomgombeza tena kabla hujamgusa paji la uso, utatafuta pa kukimbilia."

Jumatatu, 19 Februari

Misumari imeng'olewa. Makamu aliitoa mwenyewe, mmoja mmoja, hakutaka kusaidiwa. Baba wa Mnara alikuwa anapima. Hawakuongea, ila nyundo walikuwa wanapokezana, makamu kwa misumari, yeye kwa fremu. Hewa ilipoingia kwa mara ya kwanza wasichana walipiga vigelegele mpaka cha A wakaja kuchungulia.

Alhamisi, 22 Februari

Kipindi cha kwanza cha alfajiri. Nusu ya darasa ndiyo iliyofika, wale ambao wazazi wao nimeshawashawishi. Nilifundisha hiyo nusu kama wamekuja wote.

Jumatatu, 26 Februari

Wamebaki wanne tu wasiofika. Anga bado imefumba. Hata asubuhi ni joto, lakini ni joto la kuvumilika. Naona niliyoandika mwezi wa kwanza, nashangaa nilikuwa nalalamika kitu gani.

Jumatatu, 4 Machi

Mnara amerudi, amekonda, na shingo imekuwa ndefu zaidi. Akaingia, akaenda moja kwa moja ubaoni, akaandika lile swali, akalimaliza, akaweka chaki. Kisha akanigeukia na uso mkavu kabisa wa utani: "Mwalimu, hizi nyanya ni za leo."

Darasa lilivunjika. Nikamgusa paji la uso hata hivyo. Lilikuwa la kawaida.

Jumatano, 13 Machi

Mvua! Ilifika katikati ya kipindi, bila kubisha. Kwanza giza, halafu upepo, halafu bati likaanza kupigwa kama ngoma elfu. Nikafungua mdomo nikajiona siisikii hata sauti yangu mwenyewe. Makamu alikuja mbio na mwavuli, akasimama mlangoni akitazama madirisha. Wavu na kipaa alivyofunga baba wa Mnara vilishika. Matone yaliingia ya kunyunyiza tu, walio karibu wakasogeza madawati, wakacheka, uso juu.

Nikaacha kusema. Nikaandika ubaoni hatua ya kwanza, nikanyoosha chaki kwao. Mmoja akaja akaandika ya pili. Mwingine ya tatu. Akikosea, wenzake wanatikisa vichwa, anafuta, anaanza upya. Tulimaliza maswali yote ya siku bila mtu kusema neno, na sijawahi kufundisha kipindi kizuri kama hicho toka nianze kazi hii. Makamu hakuondoka mpaka mwisho. Alipotaka kwenda alinikaribia sikioni akapiga kelele, "Swali la tatu mmekosea!" Tulikuwa tumekosea kweli.

Jumatano, 20 Machi

Matope kila mahali. Nguo hazikauki. Mbu. Naendelea.

Jumatano, 27 Machi

Mume wangu amepiga simu na habari. Nafasi ya hisabati imepatikana shule ya jirani na nyumbani. Wananitaka muhula ujao. Alisema haraka haraka, kama mtu anayebeba kitu chepesi kuvunjika.

"Unasemaje, mke wangu?"

Nilimwambia kwamba mkataba wangu ni wa mwaka, na kwamba cha tatu B wakiachwa katikati wataishia pale nilipowakuta. Nikasikia mvua ya upande wangu na kuku wa upande wake.

"Nilijua utasema hivyo," akasema mwishoni. "Nilimwambia dada. Akasema haiwezekani."

"Umeudhika?"

"Nimekukumbuka. Hiyo ni shughuli nyingine." Halafu, "Likizo unakuja?"

"Nakuja."

"Basi uje umenenepa kidogo. Watoto watadhani nimeoa mwingine."

Nilipoweka simu nililia kidogo, nikanawa, nikaenda kusahihisha madaftari.

Alhamisi, 4 Aprili

Matokeo ya muhula. Cha B hawajawapita cha A, nisidanganye. Lakini kurasa nyeupe hazipo. Kila mmoja amejibu swali la mwisho, hata aliyelikosa. Wanne wale wasiofika asubuhi, wawili sasa wanafika. Mnara ni wa pili katika kidato kizima, na amekasirika kwamba si wa kwanza. Baba yake alituma salamu kupitia kwake: "Mwambie nimesikia." Maneno hayo tu, nami nimeyapokea kama medali.

Ijumaa, 5 Aprili

Shule imefungwa mchana. Nilikuwa nafunga begi makamu alipobisha hodi, ameshika bango kubwa la ratiba chini ya kwapa na penseli sikioni.

"Mwalimu, nimekwama. Sasa kila mtu anataka asubuhi. Kemia anataka, fizikia anataka, hata jiografia, yule wa jogoo, anataka. Nami asubuhi ninayo moja tu."

Nikamkaribisha. Tukatandaza bango mezani, tukaliwekea vikombe kwenye pembe lisijikunje. Muuguzi akasikia sauti, akaja na kiti chake, akasema yeye ni mwamuzi. Tuligombana sana. Kemia wana maabara ya moto, lazima wapewe mapema. Wadogo wa kidato cha kwanza hawawezi kutembea gizani. Kila tulipoziba tundu moja, lingine likafunguka, na kila mara tuliishia kwenye kile kisanduku kimoja ambacho hakuna mwalimu anayekitaka, saa nane mchana, chumba cha mwisho.

"Mtu lazima akikae," makamu akasema. "Nitakichukua mimi."

"Wewe utapita kila dakika kukagua madirisha," nikasema. "Hutafundisha." Muuguzi akacheka. Nikamsogezea penseli. "Cha B waache asubuhi na mimi. Hicho kisanduku weka kidato cha pili, hisabati, nipe mimi. Nimeshajua kukaa mle ndani. Nitawafundisha wao pia kukaa."

Akaishika. "Una hakika?"

"Andika, bwana. Basi langu linaondoka jioni, na wewe huna mwandiko wa haraka."

Akaandika.